Nyumbani Katonga ni maji matupu. Hivi ziwa lilitufuata, au sisi ndio tulilifuata?

#1 Mwanamwalo

Wakuu, habari za jioni.

Niko Kigoma, nimekuja kwenye arobaini ya baba mdogo. Sikuwa nimefika huku muda mrefu, mambo ya ziwa nilikuwa nayasikia kwa simu tu. Leo nimeshuka mwaloni upande wa Katonga nikawa natafuta njia ya kwetu. Haipo. Nyumba ya kwanza kutoka ziwani, ya pili na ya tatu hazipo kabisa. Ya nne umebaki ukuta mmoja wenye dirisha, na wavu wa mbu bado umo dirishani. Yetu ilikuwa ya tano.

Baraza yetu ipo, ila maji yanafika magotini. Na mnalijua Tanganyika, maji meupe unaona mpaka chini. Unaiona sakafu nyekundu ya mama, na ule ufa uliopita katikati unauona. Vijisamaki vinakula ukoga kwenye ngazi aliyokuwa anakalia akichambua dagaa. Nilisimama pale mpaka mjomba akanishika mkono.

Michikichi iliyokuwa nyuma ya choo sasa iko ziwani, imekauka, haina hata kuti. Nguzo ya umeme imeinama na waya walishaukata. Mama anakaa kwa dada, huko juu Gungu, na ziwa hataki kuliangalia.

Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Kuna wa mvua, kuna wa Wakongo kuziba Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa, kuna wanaosema tulijenga ndani ya ziwa wenyewe. Na wengi wanasema maji hayakubomoa kitu, nyumba ziliangushwa na upepo wa usiku mmoja, tena mvua zilikuwa zimeshakatika. Wenye kujua watufafanulie. Na kama kuna aliyekuwepo, aseme alichokiona.

#2 Mwisho wa Reli

Pole sana mkuu, na poleni kwa msiba. Kawaida nadai picha, leo usiweke.

#3 Kasulu Baridi

Pole ndugu. Sisi Waha wa mlimani tuliambiwa tangu zamani, samaki mle, ila msilale naye chumba kimoja.

#4 Kijana wa Kibirizi

Nilikuwepo, ila mimi ni wa Kibirizi, siyo Katonga. Habari ni ileile.

Maji yalifika kwenye msingi wetu tangu masika. Tukajaza viroba vya mchanga, tukapanga safu mbili, tukaona tumemaliza. Mvua zikaisha. Watu wakaanza kusema sasa yatashuka. Halafu ukaja usiku ule. Hapakuwa na wingu hata moja, nyota tupu. Upepo ulianza baada ya Isha, unatoka kusini, na niwaambie ukweli, haukuwa upepo wa kuezua nyumba. Bati langu halikutikisika. Kazi yote ilifanywa na mawimbi. Wimbi likija linapiga ukuta, likirudi linaondoka na udongo wa chini ya msingi. Tofali zetu ni za kuchoma, zimejengewa kwa udongo, saruji ni plasta ya nje tu. Plasta ikishapasuka, udongo unayeyuka na tofali zinaachiana moja moja.

Tulitoa milango, tukang'oa fremu, vijana wakapanda juu kubandua bati kabla kenchi hazijalala. Mama jirani aligoma kutoka mpaka zitolewe karabai za marehemu mumewe, nne, tukazipitisha dirishani kwa kupokezana gizani. Saa tisa usiku ukuta wa mbele ukalala ziwani wote kwa mara moja. Mshindo wake sikuusikia vizuri kwa sababu ya mawimbi, nilichosikia ni kuku.

Asubuhi ziwa limetulia kabisa. Watoto wanaogelea wanaokota masufuria.

#5 Dokta wa Mtaa

Hicho kilikuwa kimbunga. Mwaka 2024 si kulikuwa na kimbunga Hidaya? Kilianzia baharini kikaingia nchi kavu, mvua na upepo vikafika mpaka huku. Watu hamfuatilii taarifa.

#6 Mwisho wa Reli

Dokta wa Mtaa, kutoka Dar mpaka Kigoma reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Hicho kimbunga kilikata tiketi daraja la pili au la tatu?

#7 Mpima Kina

Namjibu Dokta wa Mtaa. Hidaya ilifika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, maeneo ya Mafia, ikaishiwa nguvu hukohuko. Vimbunga vya aina ile vinakula joto la bahari, vikigusa nchi kavu vinakufa. Ndiyo maana kimbunga Idai cha Machi 2019 kiliiumiza Beira, mji wa pwani Msumbiji, kuliko miji ya ndani kabisa ya bara. Tena karibu na Ikweta havijengeki vizuri kwa sababu mzunguko wa dunia huku hauna nguvu ya kuusokota upepo. Kigoma tuko nyuzi 5 kusini na mbali na bahari.

Alichokisimulia Kijana wa Kibirizi ni kitu cha kwetu kabisa, na kina kalenda yake. Kila mwaka ziwa linapanda na mvua, na kilele chake hakiji katikati ya masika, kinakuja mwishoni, Aprili au Mei, maana mito kama Malagarasi inachelewa kuleta maji yake. Baada ya hapo linashuka mpaka Oktoba, Novemba. Na upepo mkali wa kusini unaanza lini? Mei hiyohiyo, unaendelea mpaka Septemba. Ziwa lina urefu wa kilomita 673 na limelala kusini kwenda kaskazini. Upepo ukishika kule Zambia unalisukuma wimbi ziwa zima bila kukutana na kizuizi, na Kigoma tuko sehemu ya juu. Kwa hiyo maji yakiwa juu kuliko wakati wote wa mwaka, ndipo mawimbi yanapoanza. Ndiyo maana mnabomolewa nyota zikiwa zinawaka.

Hapo nimejibu la upepo. La kwa nini maji yamepanda miaka hii kuliko mingine, hilo ni kubwa, nitarudi.

#8 Mtabora wa Maembe

Poleni majirani. Ila Mungu ana mambo. Sisi Tabora maji tumeyavuta kwa bomba kutoka Ziwa Victoria, mamia ya kilomita, mabilioni ya hela. Nyie yanawafuata mpaka chumbani bure.

#9 Binti wa Ujiji

Mtabora tulia, tutawaletea na nyie kwa ndoo.

Mwanamwalo pole. Kwetu ni Ujiji na mjomba wangu naye shamba lake la karibu na mto Luiche limekwenda. Lakini tusiseme haya hayajawahi kutokea. Mwaka 1874 mpelelezi Mwingereza Cameron alifika mdomo wa Lukuga, akasema huo ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa. Stanley akaenda kuangalia mwenyewe 1876, akakuta umezibwa kwa tope na majani, akasema ziwa likiendelea kupanda litajifungulia. Na kweli, kwenye 1878 likapasua. Mmisionari Edward Hore, ambaye makazi yake yalikuwa hapahapa Ujiji, alipokwenda 1879 alikuta Lukuga ni mto unaokimbia. Kuanzia hapo ziwa likashuka miaka mingi mfululizo.

Kilele cha wakati ule kilikuwa juu ya ziwa tulilolizoea kwa kiasi cha mita 10 hivi. Mita kumi, siyo magoti. Nendeni pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, palipokuwa na mwembe. Walikutana 1871 na ziwa lilikuwa karibu na pale. Leo toka pale kwa miguu uende majini, utaona umetembea. Hiyo ardhi yote ya katikati, pamoja na nyumba zilizopo, ni ziwa lililorudi nyuma.

#10 Kasulu Baridi

Dada, mtu yuko msibani na nyumba imezama, wewe unamsomesha Stanley.

#11 Binti wa Ujiji

Kauliza, nimejibu. Wewe uliyeleta habari za kulala na samaki umemsaidia nini?

#12 Boti ya Kalemie

Mimi biashara yangu ni Kigoma na Kalemie ya Kongo, napeleka saruji na mchele, narudi na mambo mengine (msiulize). Lukuga inaanzia palepale Kalemie. Kuhusu kuziba, niwaambie, nimeuona mto ule ukiwa na matope, magugu na vyombo vibovu, na maji yanatoka kwa kusuasua. Hilo ndilo tundu pekee la ziwa zima. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, maji yote yanatafuta tundu moja. Likiziba kidogo mnategemea nini? Na msisahau miaka kabla ya hii kilio kilikuwa maji kupungua, bandarini meli zinashindwa kukaa vizuri, na ikazungumzwa kati ya nchi zetu mbili habari ya kujenga banio pale Lukuga ili maji yasiishe. Leo kinyume chake.

#13 Mpima Kina

Nimerudi. Boti ya Kalemie, tundu unalosema ni kweli ni moja, lakini ziwa hili halitoi maji yake kwa mto. Sehemu kubwa mno inaondoka kwa mvuke, juani. Lukuga inachukua kidogo ukilinganisha. Kwa hiyo hesabu kubwa ni kati ya mvua na jua.

Angalieni ukubwa. Uso wa ziwa ni kilomita za mraba 32,900 hivi. Ukilipandisha mita moja umeongeza kilomita za ujazo karibu 33 za maji. Kila kilomita moja ya ujazo ni lita trilioni moja. Hakuna magugu ya mto mmoja yanayoweza kuleta maji hayo, lazima yatoke mbinguni. Na yalitoka. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli zikawa za kutisha Afrika Mashariki nzima. Mei 2020 Ziwa Victoria nalo likavunja rekodi yake ya 1964. Naivasha, Baringo, Turkana, yote yalipanda. Hayo nayo yameunganishwa na Lukuga? Halafu kabla maji hayajashuka vizuri ikaja El Nino ya 2023 kuingia 2024.

#14 Boti ya Kalemie

Msomi, mvua ndiyo iliyoleta maji, sijakataa. Naongelea kwa nini hayaondoki. Beseni likijaa kwa mvua na tundu limeziba, utasema kosa ni la mvua?

#15 Mpima Kina

Nitasema beseni lina jua juu yake.

#16 Boti ya Kalemie

Haya.

#17 Mwana wa Uvinza

Mbona hamzungumzii mabwawa ya umeme ya mto Ruzizi? Wale wakifungulia, maji ya Ziwa Kivu yanakuja yote kwetu. Shemeji yangu yuko Uvira, Kongo, anasema Aprili 2020 maji yalishuka mlimani yakafagia mtaa mzima.

#18 Boti ya Kalemie

Uvira ya Aprili 2020 yalikuwa mafuriko ya mito ya palepale, mvua ilinyesha kwenye milima inayoangalia mji. Mto Mulongwe ule. Hayakuhusu bwawa. Na yale mabwawa ya Ruzizi hayana hifadhi kubwa ya maji, yanatumia mto unavyopita.

Kuhusu kupanda kwa ziwa, Bujumbura bandarini wameumia, Gatumba ya Burundi wameumia, na Kalemie yenyewe mitaa ya chini ilizama. Nimepita kwa mtumbwi mahali nilipokuwa naegesha pikipiki.

#19 Mwisho wa Reli

Ngoja kwanza. Kama Kalemie yenyewe ilizama, hao Wakongo wanaoziba Lukuga wanajizamisha wenyewe?

#20 Boti ya Kalemie

Nilisema mto umeziba. Sikusema kuna mtu kauziba.

#21 Mvuvi Mstaafu

Wote mnasahau tetemeko. Tarehe 5 Desemba 2005, mchana, ardhi ilicheza hapa Kigoma mpaka watu wakatoka madukani wakaacha hela kaunta. Lilikuwa la 6.8 na kitovu chake kilikuwa ziwani, upande wa Kalemie. Hili ziwa liko kwenye ufa wa dunia, kina mita 1,470, ndilo refu kwenda chini kuliko yote duniani. Sakafu ikiinuka upande mmoja maji yanakwenda upande mwingine. Hiyo haihitaji shule.

#22 Binti wa Ujiji

La pili, siyo la kwanza. La kwanza ni Baikal, Urusi. Tetemeko nalikumbuka, nilikuwa darasani. Lakini kutoka 2005 mpaka 2019 maji yalikuwa wapi? Yalikaa miaka 14 yanafikiria?

#23 Mvuvi Mstaafu

Ardhi haina haraka kama nyie watoto wa siku hizi.

#24 Mkaanga Migebuka

Mimi nasema ni udongo. Milima yote kuanzia huku mpaka Burundi imenyolewa, mashamba ya mihogo yamepanda mpaka kileleni, mvua ikinyesha mito inakuja myekundu. Udongo wote ule unatua ziwani. Ukitia mawe kwenye sufuria ya maji, maji yanapanda.

#25 Mpima Kina

Ziwa lina maji kilomita za ujazo kama 18,900. Udongo wa miaka yetu yote hauwezi kulipandisha hata uone kwa macho. Ila kwenye midomo ya mito, Luiche au pale Ilagala ambako Malagarasi inaingia, udongo unaziba njia na maji yanatanda mashambani. Shamba la mjomba wake Binti wa Ujiji linaweza kuwa limekufa kwa sababu hiyo zaidi kuliko ziwa.

#26 Binti wa Ujiji

Mjomba anasema yote mawili, kwanza mto halafu ziwa. Na anasema pia jirani yake alimfanyia.

#27 Kasulu Baridi

Tulikuwa tunasubiri hiyo. Kigoma uzi hauwezi kufika ukurasa wa pili bila jirani kumfanyia mtu.

#28 Mzee wa Karabai

Nimekuwa nasoma tu, mjukuu ndiye ananiandikia.

Mvua za 1961 kuja 1962, zile za wakati wa Uhuru, nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Ziwa lilipanda, likapanda, mpaka 1964. Baba alikuwa na kibanda cha kukausha samaki kikaenda, tukahamia juu. Shule nyingine ya ufukweni wanafunzi walisomea chini ya miti. Basi maji yalipokuja kurudi, yalirudi polepole mno, hukuyaona yanarudi. Mwaka huu unaona jiwe ambalo mwaka jana hukuliona, ndivyo. Ufukwe ukatoka mpana na mzuri, mchanga mtupu.

Hapo ndipo watu wakashuka. Hakuna aliyejenga nyumba siku ya kwanza. Mtu anaweka banda la nyavu. Mwaka wa pili mkewe anauza chai pale. Halafu linajengwa jiko. Halafu chumba cha kijana aliyeoa. Mwisho unakuta msingi wa mawe, bati, na nguzo ya umeme imeletwa.

Mwanamwalo, hiyo nyumba ya tano naijua. Nilipokuwa kijana, pale nilivulia dagaa nikiwa ndani ya mtumbwi.

#29 Mwanamwalo

Shikamoo mzee.

Maneno yako nimeyasoma mara mbili na nimemsomea mama. Amenyamaza, halafu akasema mwambieni huyo mzee kwamba marehemu alinunua 1983 kwa ng'ombe wawili na hela juu, mashahidi walikuwepo, na hakuna aliyetokea kusema hapa ni ziwani. Karatasi yenye mhuri anayo kwenye mkoba wake mpaka leo. Mkoba aliutoa kabla ya godoro.

Mimi nilizaliwa pale. Kwangu pale ni kwetu, mengine sijui.

#30 Mzee wa Karabai

Marahaba mwanangu. Mwambie mama pole sana. Sikusema baba yako alikosea. Hata mimi ningekuwa na ng'ombe ningenunua.

#31 Sheria Mkononi

Hapa ndipo penye uzi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Hata kama una karatasi yenye mhuri kumi, ndani ya mita 60 huna hoja. Ndiyo maana watu wakidai kifuta jasho wanaambiwa mlijenga kwenye hifadhi.

#32 Kijana wa Kibirizi

Ndugu Sheria, mita 60 unaanzia wapi kupima? Nyumba yetu mwaka huo wa 2004 ilikuwa mbali na maji, mpira ukipigwa barazani haufiki ziwani. Ziwa limekuja lenyewe. Leo mita 60 kutoka majini zinaingia mpaka ng'ambo ya barabara, kwenye msikiti na maduka. Nao tuwaite wavamizi? Na yakishuka, mstari unarudi nyuma au unabaki?

#33 Sheria Mkononi

Sheria inasema ukingo.

#34 Kijana wa Kibirizi

Ukingo wa lini?

#35 Mwisho wa Reli

Nimekaa pale, nasubiri jibu.

#36 Sheria Mkononi

Wapime kwa kiwango cha juu kabisa kinachojulikana. Ndiyo busara.

#37 Binti wa Ujiji

Kiwango cha juu kabisa kinachojulikana ni cha 1878. Ukipima kwa hicho, nusu ya Ujiji tuhame kesho, na Livingstone naye ahamishwe.

#38 Mama wa Kichanja

Wanaume mnapima ukingo. Mie niseme la kwetu wauza dagaa.

Nyumba inajengwa mahali pengine, dagaa utaanika wapi? Mchanga wote umekwenda. Zamani boti zikiingia alfajiri tunanunua, tunamwaga mchangani, jua likipanda unageuza mara moja, mchana unazoa, umemaliza. Mwenye hela anaanika kwenye kichanja cha wavu, ndio wasafi wanaopelekwa Dar. Maji yalipokuja yakachukua mchanga na vichanja. Tukahamia pembeni ya barabara, turubai chini, pikipiki zinarusha vumbi, mbuzi wanapita juu. Dagaa wakishika vumbi mteja anautafuna mchanga, hanunui tena. Ikinyesha huna pa kukimbilia, unawaona wanabadilika rangi machoni pako, jioni unawauza kwa wafuga kuku.

Kuna mwenzetu alikuwa na vichanja vingi, aliajiri wasichana. Upepo huo mnaousema ulivichukua vyote kwa usiku mmoja, nguzo na wavu. Sasa anauza maandazi stendi. Hayupo kwenye orodha yoyote ya waathirika kwa sababu nyumba yake haikuanguka. Alikwenda kwenye ofisi moja kuandikisha, akaulizwa nyumba namba ngapi.

#39 Dokta wa Mtaa

Mama, mwaka ule uvuvi ulifungwa miezi sita, kwa hiyo hata mngekuwa na mchanga dagaa mngewatoa wapi?

#40 Mama wa Kichanja

Miezi mitatu baba. 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Tulihesabu kila siku, usituongezee.

#41 Mvuvi Mstaafu

Na hapo kulikuwa na kituko. Serikali imesema pandisheni vyombo nchi kavu, samaki wapumzike wazae. Nchi kavu yenyewe iko wapi? Mwaloni maji yamejaa, boti zikafungwa kwenye miembe na kwenye nguzo za nyumba zilizohamwa. Upepo wa kusini ukija usiku zinagongana, mbao zinapasuka. Kuna waliopoteza chombo bila hata kwenda kuvua. Kuna nyumba ilibomolewa na mtumbwi wa mwenye nyumba mwenyewe.

#42 Kasulu Baridi

Hiyo ya mwisho sicheki, ila nimegeukia ukutani.

#43 Fundi Kenchi

Nimejenga nyumba nyingi Kibirizi na Bangwe, nina la kusema. Nyumba zilizobaki zimesimama majini, ziangalieni. Karibu zote zina msingi wa mawe na saruji, na zina mkanda wa zege juu ya msingi. Za tofali zilizojengewa kwa udongo zimelala zote. Maji yaleyale, upepo uleule. Tusilaumu Lukuga tu, tumejenga kwa bei rahisi.

#44 Kijana wa Kibirizi

Fundi, nani hataki mkanda wa zege? Mifuko ya saruji na nondo unanipa wewe? Na hizo zilizobaki zimesimama, nani anakaa ndani? Choo kimejaa maji, kisima kimejaa maji ya choo, kipindupindu kinapiga hodi. Nyumba imebaki kuwa mahali pa ndege.

#45 Fundi Kenchi

Hapo kwenye choo sina jibu.

#46 Mkaanga Migebuka

Bibi yangu anasema ziwa lina mwenyewe, na anapokuja kukagua mali yake hatoi taarifa. Mpima Kina, weka hiyo kwenye hesabu.

#47 Mpima Kina

Bibi yako na 1878, 1964 na 2020 hawapishani sana. Ila mie sina kipimo chake.

#48 Dokta wa Mtaa

Kwa hiyo mnakubali kwamba ni El Nino.

#49 Mwisho wa Reli

Dokta, hakuna aliyekubali kitu humu.

#50 Mwanamwalo

Nimewasoma wote, ahsanteni. Jana nimerudi mwaloni na mjomba, tumeng'oa mbao za mlango wa uani zilizobaki na bati chache. Mama kasema bati zisiuzwe. Anataka kiwanja hukohuko Gungu, cha mwinuko, ila dalali ametaja bei nikadhani anauza na mlima wenyewe. Watu wote wa chini wanapanda juu, bei imepanda nao.

Mjomba yeye hahami. Anasema maji yameshashuka kiasi, na ni kweli, kwenye ule ukuta wa nyumba ya nne kuna alama ya ukoga juu ya maji, kama mkono mmoja. Ameshachimbia nguzo pale, anataka pa kutundikia nyavu.

#51 Mzee wa Karabai

Banda la nyavu hilo.

#52 Sheria Mkononi

Mwambie apime mita 60.

#53 Kijana wa Kibirizi

Kutoka wapi?

#54 Mtabora wa Maembe

Naomba kuuliza nje ya mada, dagaa wasafi wa kichanja bado wanapatikana? Treni ikija wiki hii nitumiwe hapa Tabora, debe moja.

#55 Mama wa Kichanja

Wanapatikana, njoo inboksi. Ila usinitajie bei ya mwaka juzi, na debe urudishe.